Hasira iko na sababu, lakini jirani hana kosa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa memba na wafadhili, Goma)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya neno tunalosikia kila siku, soko Virunga na kwa wamotari: "Bageni njo banatukula." Sitasema ni neno la wajinga. Rubaya, kule Masisi, inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, ile inayoingia ndani ya telefoni. Koltani inapita kwa mabega ya vijana wetu, inavuka mipaka, inaenda kuyeyushwa Asia. Mchimbaji anabakia na matope.

Wakubwa mnakumbuka 2010. Mwezi wa saba Marekani ilitoa sheria juu ya madini ya vita, ile tuliyoiita sheria ya Obama. Mwezi wa tisa Rais Kabila akafunga uchimbaji wa mikono Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Alipofungua, wanunuzi wengi wa ng'ambo walikuwa wanatuogopa. Waliotaka kutusaidia hawakuuliza mama anayeuzia wachimbaji sombe atakula nini. Hasira inatokea pale: mambo yako kuamuliwa na watu usiowaona.

Lakini hasira haina macho. Mwezi wa saba 2022 ilishukia MONUSCO, hapa Goma na Butembo. Raia wakafa, askari wa kulinda amani nao wakafa. Bei ya koltani iliendelea kuamuliwa mbali.

Yule wa mbali hatumfikii, tunamfikia jirani. Aliyerudi anaulizwa: "We ni mutoto ya nani? Ulitokaka wapi?" Nchi yetu ilishafanya hivyo kwa karatasi. Sheria ya 1981 iliwanyang'anya watu wengi uraia waliopewa 1972, na 1993 damu ikamwagika Masisi. Sheria ya 2004 ilijaribu kutengeneza, lakini maneno ya barabarani hayasomi sheria.

Na mimi niko na kosa langu. Katika kijiji kimoja nilipita na orodha ya bati na mbegu: waliorudi tu. Mama mmoja, aliyelaza familia mbili za waliorudi kwake miezi mingi, akaniuliza: "Mutoto yangu, miye siko maskini?" Sikuwa na jibu. Wiki ile mihogo ya waliorudi iling'olewa usiku.

Wafadhili wetu, tunawaomba: kwa kila nyumba ya aliyerudi, mhesabu na nyumba ya aliyebaki. Memba, likelemba zetu zifungulie jirani mlango. Mambo ya mashamba yaamuliwe mbele ya wazee na majirani, na yaandikwe.

Sisemi tuzime hasira. Tuipeleke kwa mlango unaostahili: bei, kodi, sheria. Nyumba ya jirani siyo mlango ule.