Malengo ya Mwaka kwa Mweka Vitabu wa Kijijini

(Maneno yaliyosemwa katika mafunzo ya makarani na waweka hazina wa vikundi)



Nimeombwa niseme juu ya malengo ya mwaka. Wengi wenu mlianza kwa kuandika daftari la kikundi chenu bila malipo, halafu kikundi cha jirani kikaona kazi ni safi, kikasema, "Hebu njoo utuandikie na sisi." Baadaye akaja mwenye duka, akaja na mwenye kinu cha posho. Leo una wateja wanane au tisa na chumba kidogo pale sokoni. Hiyo si kazi ya kujitolea tena, ni biashara. Lakini ajabu ni hii: mtu anayeandika hesabu za watu wengine kila siku, ukimwuliza yeye mwenyewe alipata nini mwaka jana, anaangalia dari.

Mwezi wa Januari kila mtu ana malengo. "Mwaka huu nataka biashara ikue." Haya, ikue mpaka wapi? Kwa shilingi ngapi? Na utajuaje kwamba imekua? Maneno kama hayo ni matumaini, na matumaini ni mazuri, lakini huwezi kuyaandika katika daftari la hesabu. Lengo linalofaa lina kiasi, lina tarehe, na linaanzia pale ulipo sasa. Kwa hivyo kabla ya lengo, toa kalamu tuhesabu.

Tuchukue mfano wa dada mmoja, ni mfano tu. Ana wateja 9. Vikundi 5, kila kimoja kinamlipa shilingi 800 kwa mwezi. Maduka 3, kila moja shilingi 2,000. Kinu kimoja, shilingi 1,500. Jumlisheni: 4,000 na 6,000 na 1,500 ni shilingi 11,500 kwa mwezi. Kodi ya chumba ni 1,500, nauli 1,200, bando na kuchapisha karatasi 800. Hiyo ni 3,500. Kinachobaki ni shilingi 8,000 kwa mwezi, yaani 96,000 kwa mwaka.

Je, anazipata kweli? Duka moja lilimaliza mwaka likiwa na deni la miezi mitatu, na vikundi viwili hivyo hivyo. Ni 6,000 na 4,800, jumla 10,800. Sasa ile 96,000 imekuwa 85,200, ambayo ni 7,100 kwa mwezi. Huyu dada anadhani anahitaji wateja wapya, kumbe zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja uko mifukoni mwa wateja alio nao tayari. Lengo lake la kwanza ni hili: kufikia tarehe 31 Machi deni la zamani liwe limelipwa au limeandikiwa mapatano ya kulipa kidogo kidogo, na baada ya hapo asiwepo mteja anayepita mwezi mmoja bila kulipa. Najua ni vigumu kumdai mama ambaye mnakutana naye kila Jumapili. Lakini akidaiwa mapema, kwa karatasi na kwa upole, haoni aibu sana kama akidaiwa baada ya miezi sita.

Sasa tuhesabu siku, maana siku ndizo bidhaa yako. Mweka vitabu hana gunia la sukari la kuuza. Kila kikundi kinamchukua siku 1 kwa mwezi, kuhudhuria mkutano na kulinganisha daftari na taarifa ya benki na ya M-Pesa. Kila duka linamchukua siku 3. Kinu, siku 2. Jumla ni siku 16. Gawanyeni malipo kwa siku. Kikundi kinampa shilingi 800 kwa siku. Kinu, 750. Na duka, lile la shilingi 2,000 ambalo alikuwa akijivunia, linampa kama shilingi 667 tu kwa siku! Mteja aliyeonekana mkubwa ndiye anayelipa kidogo kuliko wote. Jambo hili hulioni mpaka uandike. Fanyeni hesabu hii nyumbani kabla ya kuamua kitu kingine chochote.

Tuseme dada yetu anataka kubaki na shilingi 12,000 kwa mwezi badala ya 8,000. Anahitaji 4,000 zaidi. Akifanya kazi siku 22 kwa mwezi, akatoa 1 ya vitabu vyake mwenyewe na 2 za kutembea kudai na kutafuta wateja, amebaki na 19. Zilizo na kazi ni 16, kwa hivyo nafasi ni siku 3. Vikundi vitatu vipya vitampa 2,400. Maduka yakiongezwa 400 kila moja ni 1,200. Kinu nacho kikiongezwa 400, imefika 4,000 kamili. Lengo linawezekana. Lakini ona, siku zote 19 zimejaa. Mtoto akiugua, au mvua ikikata barabara, kazi ya mtu italala.

Kwa sababu hiyo mimi ningependelea aanze na maduka. Kwa nini duka linachukua siku 3? Kwa sababu mwenyewe anakuletea mfuko wa plastiki umejaa risiti za mwezi mzima, nyingine zimelowa, na mauzo ya siku ameandika nyuma ya pakiti ya unga. Mpe karatasi moja ya kila siku: mauzo ya taslimu, mauzo ya M-Pesa, alichonunua, alichokopesha, alichochukua kwa nyumba. Kaa naye majuma mawili mpaka azoee. Siku 3 zikiwa 2, maduka matatu yamekurudishia siku 3, na malipo yamepanda mpaka shilingi 1,000 kwa siku kabla hujaomba nyongeza. Lengo la namna hii halihitaji mkopo wala kompyuta, linahitaji uvumilivu tu. Na wakati wa kuomba nyongeza, utakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Sasa kalenda. Mwaka wetu haulingani, una milima yake. Kila mwenye PIN ya kodi anatakiwa kupeleka ritani yake ya mwaka kufikia tarehe 30 Juni, hata kama hakupata kitu. Wakenya tunajijua, kila mtu anakumbuka tarehe 28. Wenye biashara walio katika kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 kwa wanaouza zaidi ya milioni 1 mpaka milioni 25 kwa mwaka, wanapeleka kila mwezi kufikia tarehe 20. Mwenye duka aliyeajiri watu ana tarehe 9. Halafu kuna Desemba, vikundi vinavunja chungu na kugawana. Hapo ndipo urafiki wa miaka kumi unaweza kuvunjika kwa sababu ya shilingi 300 isiyojulikana ilikoenda. Nimeona kikundi cha akina mama kikigawanyika sehemu mbili siku ya mgao, na pesa zote zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa ukurasa mmoja wa mwezi wa nane ambao hakuna aliyeujaza. Mpaka leo hawaketi pamoja.

Basi lengo lingine liwe la kufunga hesabu za kila mwezi za kila mteja kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata, na kuzisoma mbele ya wanachama katika mkutano. Ukifunga miezi kumi na moja, Desemba ni kujumlisha tu. Na usichukue mteja mpya katika Juni wala Desemba. Mwambie aje Julai au Februari. Atakayekubali kungoja huwa mteja mzuri.

Kuna lengo la kujifunza pia, moja tu kwa mwaka. Kwa wengi wenu mwaka huu lingekuwa eTIMS, maana tangu Januari 2024 gharama nyingi za biashara hazikubaliwi katika hesabu ya kodi bila ankara ya mtambo huo, na wenye maduka wengi bado wanauliza ni mnyama gani. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, kuna mitihani ya KASNEB, inaweza kuanzwa pole pole. Lakini jueni mipaka: kuandika vitabu si kukagua. Ukaguzi wa kutiwa sahihi ni wa mhasibu aliyesajiliwa na ICPAK. Mteja akikuomba utie sahihi kama mkaguzi, kataa, hata akiongeza pesa.

Na yapo malengo ya kutofanya, niyapitie haraka. Usishike pesa za mteja. Usijue namba yake ya siri ya M-Pesa. Daftari lake lisilale ndani ya matatu. Pesa zako na za nyumba zisichanganyike. Jilipe mshahara tarehe moja kila mwezi, hata kama ni 5,000, uandike.

Msiwe na malengo zaidi ya manne. Yaandikeni kwa karatasi moja, kila moja na kiasi chake na tarehe yake, yabandikwe ukutani pale unapokaa, si ndani ya kabati. Mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kaa na mtu mmoja unayemwamini, mwonyeshe lililotimia na lililokwama. Lengo likikwama mara mbili, pengine kiasi kilikuwa kikubwa, kipunguze bila haya. Mwaka wenyewe si lazima uanze Januari. Kule kwenye majani chai pesa za bonasi huja karibu Oktoba, na mweka vitabu wa huko atapata nyongeza ya malipo kwa urahisi wakati huo kuliko Januari, wakati kila mzazi anatafuta karo.

Sasa chukueni karatasi. Andikeni majina ya wateja wenu, malipo ya kila mmoja, na siku anazowachukua. Nitapita nikiangalia, tukipata chai saa nne tuwe tumegawanya.