Hisabati ya Zamu: Ajira ya Mtafiti wa Kupanga Nguvukazi



Kijana anayemaliza shahada ya hisabati huulizwa nyumbani swali moja tu: utafundisha shule gani? Kufundisha ni kazi njema. Lakini ipo ajira nyingine ya hisabati, yenye umri wa zaidi ya miaka 100, ambayo kwetu haisemwi sana. Ni utafiti unaofanyika ndani ya kampuni, hasa ule wa kupanga nguvukazi: nani aingie saa ngapi, wangapi wanatosha, nani apumzike lini. Hoja yangu ni kwamba waliong'ara katika kazi hii walikwenda kwanza kuitazama kazi yenyewe inavyofanyika, ndipo wakakaa chini kupiga hesabu.

Mfano wa kwanza ni mwanahisabati Agner Krarup Erlang, aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Mwanzoni hakuwa na wasaidizi wa maabara, kwa hiyo vipimo vya umeme alivichukua mwenyewe, akizunguka mitaani na kibarua aliyembebea ngazi ya kushukia kwenye mashimo ya nyaya. Mwaka 1917 alitoa kanuni za kukadiria wateja watasubiri kiasi gani kulingana na idadi ya njia za simu. Vituo vya huduma kwa wateja bado vinazitumia kuamua idadi ya wahudumu.

Mfano wa pili unatoka New York. Leslie Edie alikuwa mwajiriwa wa mamlaka ya bandari iliyosimamia pia madaraja na mahandaki ya magari. Tatizo lake lilikuwa vibanda vya ushuru. Vikiwa vichache, foleni inarefuka. Vikizidi, watoza ushuru wanalipwa kwa kukaa. Makala yake ya 1954 ilionyesha jinsi ya kujua mapema watoza ushuru wangapi wanahitajika. Mwaka huohuo mwanahisabati George Dantzig, aliyebuni mwaka 1947 njia ya simpleksi ya kutafuta jibu bora chini ya masharti, aliandika maoni mafupi juu yake: tafuta idadi ndogo kabisa ya watu, kwa sharti kwamba kila kipindi cha siku kina wanaotosha. Programu nyingi za kupanga zamu hadi leo zimejengwa juu ya wazo hilo.

Hebu tulijaribu wazo hilo hapa kwetu. Chukua wodi inayohitaji wauguzi 6 asubuhi, 4 jioni na 2 usiku. Hizo ni zamu 12 kwa siku, 84 kwa wiki. Kila muuguzi akifanya kazi siku 5, jibu ni 16.8, yaani watu 17. Mpelekee muuguzi kiongozi wa wodi jibu hilo, atakucheka. Aliyetoka zamu ya usiku hawezi kuanza ya asubuhi. Mmoja yuko likizo, mwingine ni mjamzito wa miezi ya mwisho na hapangiwi usiku. Kwa muuguzi mmoja tu kuna namna 5,103 za kupanga wiki yake. Kwa 17, idadi ya ratiba zinazowezekana ina tarakimu 64. Hakuna kompyuta itakayozipitia moja moja. Ndiyo maana mbinu ya Ailsa Land na Alison Doig ya mwaka 1960, ya kugawa tatizo matawi na kuyakata yasiyoweza kuzaa jibu bora, ina thamani. Utafiti wao, kwa taarifa yenu, ulilipiwa na kampuni ya mafuta, British Petroleum.

Mbinu hizo zinaweza kuelekezwa kwa mtu yeyote, hata jirani yako wa ofisini. Katika kitabu chake cha 2008, The Numerati, Stephen Baker alieleza kazi ya Samer Takriti wa IBM, ambaye timu yake ilikuwa ikiunda vielelezo vya kihisabati vya wafanyakazi wenzao wapatao 50,000. Hapo ndipo mimi huingiwa na wasiwasi. Ratiba inaweza kuwa bora kwa mwenye duka na ikamvuruga mama asiyejua kesho atamwachia nani mtoto. Mwaka 2017 jiji la Seattle liliyalazimisha maduka na migahawa mikubwa kutoa ratiba siku 14 kabla. Kwa mtafiti, sheria hiyo ni kikwazo kimoja zaidi katika hesabu, na hesabu inakibeba bila shida. Aliyekosekana awali ni mtu wa kukitia humo.

Kuhusu ngazi za ajira nitasema kwa ufupi. Mwanahisabati Ralph Gomory alijiunga na IBM mwaka 1959, akawa mkurugenzi wa utafiti mwaka 1970. Robert Bixby alitoka chuoni na kuanzisha biashara ya CPLEX, programu ya kutatua matatizo ya aina hii, kisha akashiriki kuanzisha kampuni nyingine ya programu hizo, Gurobi, mwaka 2008. IBM ilifungua maabara ya utafiti Nairobi mwaka 2013, lakini tusikae kuingoja nyingine. Tayari tuna ORSEA, chama cha watafiti wa fani hii Afrika Mashariki.

Ombi langu ni kwa idara za hisabati. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apelekwe wodini, bandarini au kwenye kampuni ya mabasi, na alama zake zitokane na ratiba ambayo wanaoifuata wameikubali.