Ukoga wa Meno Si Sumu ya Jirani

Somo: 2 Wafalme 5:1-14

Leo mtuvumilie, kwa maana sisi wachungaji tunakuja na maungamo kwanza, mahubiri yatafuata.

Mama mmoja wa kwaya yetu alianza kuimba huku akifunika mdomo kwa kitambaa. Baadaye akaacha kuimba kabisa. Asubuhi alitema mate yenye damu, pumzi yake ikanuka, na jino la mbele la chini likaanza kucheza. Usiku akaota meno yanamwangukia mkononi, na ninyi mnajua watu wetu wanaitafsiri ndoto hiyo namna gani. Jamaa wakasema: huyu amelishwa sumu. Wakakumbuka kwamba alikula ndagala kwa bibi jirani, mjane anayekaanga na kuuza kando ya njia. Neno likatembea. Watoto wakakatazwa kupita mbele ya nyumba yake. Hakuna aliyenunua tena kwake. Hapa Kivu tunajua neno la sumu linaweza kumfikisha mzee wapi.

Na sisi tulifanya nini? Tulifunga siku tatu, tukaomba, kisha tukafunga tena. Kuomba hatujutii hata kidogo. Tunajuta kwamba kwa majuma yote yale hakuna hata mmoja wetu aliyesema: Mama, fungua mdomo tuone. Na yule mjane hatukumtetea. Aliyesema ni muuguzi mmoja, mshirika wetu, aliyekuja kwenye maombi akiwa na tochi ya simu. Alimulika nyuma ya meno ya chini, akaona ukuta wa manjano, mgumu kama saruji, umeshuka mpaka chini ya ufizi. Kilikuwa ukoga uliogeuka jiwe. Waganga wa hospitali wanauita kwa Kifaransa tartre. Sumu haikuwako.

Ndipo tukamkumbuka Naamani. Jemadari yule alikuja na farasi, fedha na nguo za thamani, akitazamia nabii atoke nje na kufanya jambo kubwa mbele ya watu. Alipoambiwa akajioshe katika Yordani, alikasirika, akageuka kwenda zake. Watumishi wake ndio waliomrudisha. Sisi wapentekoste tunaupenda muujiza, na tunaushuhudia. Lakini mara nyingine tuna hasira ya Naamani: tukiambiwa kuosha, tunaona ni jambo dogo mno kwa watu wa rohoni.

Sasa tueleze ukoga unatoka wapi. Kila mtu, hata aliyeokoka jana, ana vijidudu mdomoni. Vinajishika juu ya jino, vinakula mabaki ya ugali, mkate na hasa sukari, na kufanya utando laini. Pitisha ulimi juu ya meno asubuhi, utausikia. Utando huo unatoka kwa mswaki tu. Ukiachwa, mate yanaanza kuugeuza. Mate yetu yana madini, kalsiamu na fosfati, na madini hayo yanaingia ndani ya utando na kuufanya mgumu. Kazi hiyo yaweza kuanza ndani ya siku moja hadi tatu, na kwa majuma mawili hivi jiwe limekamilika. Mtazame sufuria ya kuchemshia maji, ule ukoko mweupe wa ndani. Au mtazame mawe ya ufuko wa ziwa letu, jinsi chokaa ilivyoshikamana nayo. Meno nayo ni vivyo hivyo. Ndiyo sababu ukoga hupenda nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu: ndipo mate yanapomwagikia.

Jiwe hilo lina uso wa kukwaruza, na vijidudu vipya hupanda juu yake kwa urahisi. Ufizi unavimba, unatoa damu, unarudi nyuma. Likiendelea miaka, mfupa unaoshika jino unaliwa polepole, nalo jino linacheza. Mara nyingi haliumi, na hilo ndilo linalotudanganya. Wavuta tumbako, wenye ugonjwa wa sukari na wamama wajawazito waangalie ufizi wao zaidi.

Tungeweza kugeuza jambo hili kuwa mfano wa dhambi ndogo zinazogeuka mwamba, na wengi wenu mlikuwa mmekwisha kutangulia huko. Lakini leo tunasema juu ya meno kweli.

Mswaki, au brosi kama tunavyoiita, ni mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara. Ule wa usiku kabla ya kulala usiukose, kwa maana tukilala mate yanapungua na vijidudu vinapata nafasi. Uwe laini, uuelekeze kwenye mpaka wa jino na ufizi, uuzungushe polepole. Wanaosugua kama wanaosafisha sufuria wanaumiza ufizi. Msisahau upande wa ulimi. Dawa ya meno iwe na floridi; kwa mtoto mdogo kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Ukimaliza, tema povu. Huhitaji kusukutua sana. Nyuzi za mswaki zikilala, ununue mwingine, kwa kawaida kila miezi 3. Asiye na fedha achukue kijiti safi cha mti kisicho na sumu, kama wazee wetu, akitafune ncha mpaka iwe nyuzi. Kinafanya kazi vizuri kikitumiwa kwa uangalifu.

Na maji? Uvira tunakijua kipindupindu. Maji ya ziwa au ya Mulongwe yasiingie mdomoni kabla ya kuchemshwa au kutiwa klori, hata kama ni ya kusukutua tu. Nusu kikombe kinatosha.

Wengine wanatuuliza kama kupiga mswaki kunavunja mfungo. Bwana wetu katika Mathayo 6 aliwaambia wanaofunga wanawe uso na kujipaka mafuta. Pigeni mswaki, temeni, endeleeni kuomba. Jirani yako kwenye mkesha atashukuru.

Jiwe likiisha kushika, mswaki hauliondoi, wala dawa ya meno ya bei yoyote. Msilikwangue kwa wembe, msumari au mchanga, wala msisugue ndimu, kwa maana asidi yake inakula jino lenyewe. Mtu anayepita mtaani na chuma kimoja kwa vinywa vya watu wote anaweza kuwapa ugonjwa wa ini au ukimwi. Ulizeni kwenye kituo cha afya cha mtaa wenu wawaelekeze kwa munganga wa meno. Yeye atauondoa kwa vyombo vilivyotakaswa. Tunajua ni fedha. Wamama wa likelemba, tunawaomba mfikirie jambo hili, kama mnavyofikiria uzazi na msiba.

Na msiogope lile neno kwamba kusafishwa kunalegeza meno. Ufizi ukitoa damu, watu wanaacha mswaki, na hapo ndipo unazidi. Jino lililokuwa limeshikwa na jiwe laweza kusikika huru kidogo kwa siku chache, na nafasi kati ya meno zinaonekana, kwa sababu jiwe lilikuwa limezijaza. Damu isiyokoma baada ya majuma mawili ya kupiga mswaki vizuri, muonyeshe munganga.

Yule mama, kwaya ilimchangia nauli, akapanda gari kupitia Kamanyola mpaka Bukavu. Jino moja halikuokoka. Mengine yamebaki, ufizi umekaza, naye amerudi mstari wa mbele bila kitambaa, na pengo lake mnaliona wote.

Kwa mjane tulikwenda wachungaji watatu. Tulipiga magoti uani kwake, tukasema: Bibi, tulinyamaza ulipotukanwa, tusamehe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akatuuliza kama watoto sasa wataruhusiwa kupita. Tukatangaza kanisani Jumapili ile ile, kwa jina la jambo lenyewe, bila kuzungusha maneno. Angali anakaanga ndagala mahali pake, asubuhi mpaka saa nne. Mkipita, nunueni, na mlie papo hapo watu wawaone.