Stesheni Huanza Mlangoni kwa Mkazi

Ifuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotolewa na mtaalamu wa mipango miji wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, kuhusu upangaji wa reli nyepesi ya pembezoni mwa mji na maeneo yanayozunguka stesheni zake.



Habari ya reli inapoanza kuvuma mahali, wa kwanza kufika huwa si mpima ardhi. Wa kwanza huwa dalali. Hufika na nakala za mikataba mkononi, akanyoosha kidole kuelekea mwembe fulani na kusema kwamba stesheni itakuwa pale. Mwenye shamba huuza kwa bei ya mihogo, mnunuzi hununua kwa bei ya stesheni, na baada ya muda wote wawili hugundua kwamba ramani ilipotoka, mstari wa reli ulipita kwingine kabisa.

Kwa hiyo ni vema jambo moja lieleweke kabla ya mengine yote. Hadi ramani iliyoidhinishwa itakapobandikwa kwenye ofisi ya kata na kusomwa katika mkutano wa hadhara, hakuna mtu anayejua stesheni itakuwa wapi, na hakuna mwenye haki ya kuuza kiwanja kwa jina la stesheni. Lakini jambo la pili lina uzito uleule: wakati ramani bado ni ya penseli ndio wakati wa mwananchi kusema. Zege likishamwagwa, maoni hugeuka malalamiko.

Nchi hii inajua vizuri kile ambacho reli huweza kufanya. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Popote stesheni iliposimama, soko lilisogea, nyumba za wageni zikafunguliwa, na mji ukaota kuelekea relini. Dar es Salaam yenyewe, ilipokua, ilifuata barabara zake kuu nne, yaani Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, kama vidole vinavyotoka kwenye kiganja. Mji wa Copenhagen, huko Denmark, uliamua mwaka 1947 kukua kwa umbo kama hilo, ila kwa kukusudia. Vitongoji vipya vilipangwa kufuata njia za treni, na kati ya kidole na kidole yakaachwa mashamba na misitu. Tofauti ya miji hiyo miwili ni kwamba mmoja ulichora kwanza ndipo watu wakajenga, na mwingine watu walijenga kwanza, na wapangaji wakafuata nyuma na futi ya kupimia.

Mkazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam amekwisha kuona usafiri wa umma wa aina kadhaa. Mwaka 2012 treni ya mjini ilianza kubeba abiria kati ya Ubungo Maziwa na katikati ya jiji kwa kutumia reli ya zamani, nayo TAZARA ikawa na treni yake hadi Mwakanga. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza safari kati ya Kimara na Kivukoni. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kwenda Morogoro, kisha Dodoma. Reli nyepesi ni kitu kingine. Mabehewa yake ni mafupi na mepesi kuliko ya treni ya masafa marefu. Huendeshwa kwa umeme, mara nyingi kutoka kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya njia. Huweza kupinda kona kali na kupanda mwinuko ambao treni nzito haiwezi, na kwa sababu hiyo hupita katikati ya makazi, mara nyingine kandokando ya barabara. Stesheni zake hukaribiana, nyingi zikiwa na umbali wa nusu kilomita hadi kilomita moja kati yake. Treni ya masafa marefu huunganisha miji, bali hii huunganisha nyumba na kazi.

Katika Afrika Mashariki mfano ulio wazi ni Addis Ababa. Mji huo ulizindua reli yake nyepesi Septemba 2015: njia mbili zenye jumla ya takriban kilomita 34 na stesheni 39, moja ikitoka mashariki kwenda magharibi na nyingine kaskazini kwenda kusini, zikitumia pamoja kipande kimoja katikati ya mji. Kwa mwenye kipato cha chini lilikuwa jambo kubwa, kwani nauli ilikuwa ndogo na treni haikukwama kwenye foleni. Hata hivyo mji ule ulifundisha masomo mawili yanayostahili kusikilizwa hapa. La kwanza ni matengenezo. Baada ya miaka michache treni nyingi ziliegeshwa kwa kukosa vipuri, na abiria wakarudi kusubiri kwa muda mrefu. La pili linahusu miguu ya watu. Sehemu ambako reli ilipita usawa wa barabara iliwekewa uzio, na jirani aliyezoea kuvuka hatua chache kwenda dukani akalazimika kutembea mbali kutafuta kivuko. Reli iliyowaleta watu mjini kwa haraka iliwatenga majirani waliotazamana kwa miaka mingi.

Somo hilo la pili ndilo kiini cha mazungumzo haya, nalo linaweza kuthibitishwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 80 hivi kwa dakika. Kwa dakika 10 amekwenda mita 800, na huo ndio umbali ambao wapangaji wa miji wengi huuchukua kuwa mpaka wa hiari ya mtu kutembea kwenda stesheni kila siku. Ukichora duara la mita 800 kuzunguka stesheni, unapata eneo la hekta 200 hivi. Wote wanaoishi humo ni abiria wa stesheni ile.

Lakini duara hilo ni la kwenye karatasi. Mkazi hapai kama kunguru. Anafuata njia, na njia inazunguka ukuta wa kiwanja, inakwepa korongo, inasimama kwenye uzio wa reli. Ikiwa kwa mzunguko huo mwendo wake unakuwa mara mbili ya umbali wa moja kwa moja, basi ndani ya dakika zilezile 10 atakayefika ni yule tu anayeishi ndani ya mita 400. Duara la mita 400 lina hekta 50. Stesheni ni ileile, gharama ni ileile, treni ni ileile, ila robo tatu ya eneo lake imepotea kwa sababu ya vichochoro vilivyozibwa. Hakuna behewa jipya litakaloirudisha robo tatu hiyo. Itarudishwa na njia ya miguu yenye upana wa kutosha, iliyonyooka, yenye taa na mfereji, na kivuko ambacho mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo na mtu wa kiti cha magurudumu wanaweza kukitumia bila msaada.

Njia hizo haziko kwenye kompyuta ya mhandisi. Ziko vichwani mwa wakazi. Mjumbe wa shina anajua kichochoro kipi hujaa maji masika, watoto wa shule wanavukia wapi, na ni kona ipi ambayo wanawake hawapiti baada ya magharibi. Mkutano wa kitongoji ukiorodhesha njia hizo na kumpa Mtendaji wa Kata, mpangaji anapata taarifa ambayo picha ya setilaiti haiwezi kumpa.

Uchaguzi wa mahali pa stesheni nao una mtego wake. Ardhi tupu ni rahisi kutwaa, na ardhi tupu karibu na mji mara nyingi ni ya bondeni. Bonde halikuachwa wazi kwa bahati mbaya; limeachiwa maji. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, imefurika mara kadhaa wakati wa mvua kubwa. Pale ambapo mchoro utaonyesha stesheni au karakana mahali pa chini, wazee waliokaa hapo miaka 40 waulizwe maji yalifika wapi katika mvua wanazozikumbuka, na jibu lao liandikwe.

Lipo pia swali la waliokwishajitafutia riziki kandokando ya njia. Stesheni haijawahi kufunguliwa bila mama lishe kufika siku ileile, na nyuma yake bodaboda, bajaji, muuza maji na muuza vocha. Mchoro usiowatengea nafasi hauwaondoi. Unawasukuma tu kwenye njia ya waenda kwa miguu, kisha kila mwezi wanafukuzwa na kila mwezi wanarudi. Ni busara nafasi yao ichorwe tangu mwanzo: vibanda vyenye maji na choo, maegesho ya bodaboda na bajaji yasiyoziba mlango, na mahali pa daladala kushusha abiria wanaotoka ndani zaidi. Stesheni ya mwisho ndiyo inayohitaji nafasi hiyo kuliko zote, kwa kuwa hubeba mzigo wa vitongoji vyote vilivyo mbele yake. Waliowahi kubadilisha gari pale Kimara Mwisho saa 12 asubuhi wanajua maana ya jambo hili.

Ndugu wananchi, sasa ni suala la ardhi, ambalo wengi wamelisubiri.

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inaweka msingi kwamba anayetwaliwa ardhi hulipwa fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinafafanua vipengele vyake: thamani ya soko ya mali, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Posho ya usafiri hukadiriwa kwa gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Posho ya makazi hukokotolewa kwa pango la soko la mwezi mmoja mara miezi 36. Faida ya biashara nayo huzidishwa kwa miezi 36. Malipo yakichelewa kupita miezi 6, mdai anastahili riba.

Kuna mambo mawili ndani ya kanuni hizo ambayo hupotezea watu haki zao. La kwanza, ardhi isiyokaliwa hailipwi posho ya usafiri, posho ya makazi wala faida iliyopotea. Aliyenunua kiwanja kitupu kwa maneno ya dalali, akitarajia kutajirika kwa fidia, amehesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa. La pili, faida ya biashara huthibitishwa kwa hesabu. Mwenye genge, saluni au karakana ya kuchomelea ambaye hana kumbukumbu yoyote ya mauzo atasimama mbele ya mthamini na maneno matupu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mauzo ya kila siku, leseni na stakabadhi za kodi ni vitu vya kuanza kutunza leo, iwe reli itapita au haitapita.

Hata asiyeguswa na utwaaji ataguswa na bei. Ardhi iliyo karibu na usafiri wa uhakika hupanda thamani, na kodi ya nyumba hufuata. Mwenye nyumba atafurahi, bali mpangaji anayeamka saa 10 usiku ili awahi kazini anaweza kujikuta amehamishwa na reli ileile iliyokusudiwa kumpunguzia safari. Kwa sababu hiyo mpango wa eneo la stesheni hauna budi kutaja mapema mahali pa shule, zahanati, soko na uwanja wa wazi, na kuruhusu nyumba za ghorofa zenye vyumba vya bei ya chini karibu na stesheni badala ya kuacha eneo lote kwa maghala na maegesho ya magari. Ardhi ya umma ikishauzwa, kuinunua tena kwa bei ya stesheni huwa nje ya uwezo wa halmashauri yoyote.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwashirikishe wenye ardhi na wadau wakati wa kuandaa mipango. Mkutano wa aina hiyo ukiitishwa, anayehudhuria aende na maswali manne. Stesheni iko wapi, na kwa nini pale? Kutoka kila kitongoji, mtu atatembea dakika ngapi kwa njia halisi? Maji ya mvua yatakwenda wapi? Nani atalipwa, kwa kipimo gani, na lini? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na nakala yake ibaki ofisi ya kata, ambako kila mkazi anaweza kuisoma.

Treni huonekana kuwa kazi ya wahandisi, na kwa sehemu kubwa ndivyo. Wao watajua uzito wa chuma, nguvu ya umeme na mpindo wa kona. Lakini safari ya abiria haianzii kwenye jukwaa. Inaanzia mlangoni kwake, gizani, kwenye kichochoro ambacho hakuna mhandisi aliyepata kukipita. Kichochoro hicho kikiingia kwenye ramani, reli itakuwa ya watu wa kata hii. Kisipoingia, treni itapita mbele yao kila siku, nao wataisikia honi tu.