Vidonge vitatu kwa kila kikohozi

Ukikohoa siku mbili hapa Rabai, hukosi wa kukuelekeza duka la dawa ukanunue azithromaisini: vidonge vitatu, kimoja kwa siku, basi. Wepesi huo ndio unaonitia hofu. Dawa za jamii hii, tangu erithromaisini iliyopatikana katika udongo wa Ufilipino, huwazuia bakteria kuunda protini. Virusi vya mafua havina mtambo wa kuunda protini, kwa hiyo havisikii kitu. Azithromaisini nayo hujichimbia ndani ya seli. Nusu yake huchukua karibu siku tatu kutoka mwilini. Kidonge cha mwisho kikishamezwa, mabaki hafifu hubaki siku nyingi, yakiwaacha hai bakteria walio sugu wazaane.

Wapo watakaosema dawa hii imeokoa watoto. Ni kweli: utafiti wa Niger, Malawi na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha vifo vya watoto wadogo vikipungua kwa takriban asilimia 14. Lakini nafuu kubwa ilikuwa Niger, na dawa iligawiwa kwa mpango. Hapa kwetu Kenya, watoto waliotoka hospitali za Kisii na Homa Bay walipewa, na vifo havikupungua. Watasema pia zahanati iko mbali. Hoja hiyo ni ya haki, ila tiba yake ni wahudumu zaidi zahanatini. Ndugu mwenye duka, kabla ya kutoa pakiti hiyo, omba kwanza cheti cha daktari.