Bahasha za Oktoba



Saa ya Kiswahili ni saa ya watu wanaolifuata jua. Saa kumi na mbili jioni jua linatua, na mtoto anayecheza nje anajua kwamba wakati wa kurudi nyumbani umewadia, hata bila ya kuitwa. Kisiwani Unguja, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote katika mwaka haifiki saa moja. Hapa London, mwezi wa Juni jua hutua baada ya saa tatu usiku, na katikati ya Desemba huwa limekwisha kuzama kabla ya saa kumi jioni. Kati ya hali hizo mbili ndipo yalipo majira ninayotaka kuyazungumzia.

Hata jina lake lina utata. Baadhi ya kamusi huyaita vuli. Lakini kwa mkulima wa Pemba au wa Tanga, vuli ni mvua zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba, ardhi ikalainika na mbegu zikapandwa. Huku mambo ni kinyume: miti inajiandaa kulala. Basi mimi nitayaita majira ya kupukutika majani, ijapokuwa jina hilo ni refu.

Familia zetu nyingi huyapokea majira haya kwa kufunga mlango. Watoto wanarudi kutoka shule, mapazia yanashushwa, televisheni inawashwa, na habari ya matembezi haisikiki tena hadi Aprili. Siwalaumu wazazi. Baridi haina mzaha, na anayefanya kazi za zamu hurudi akiwa hoi. Hata hivyo, nusu mwaka ya kukaa ndani ni muda mrefu mno katika umri wa mtoto.

Njia moja ya kuuweka mlango wazi ni kalenda ya mapambo inayohesabu siku kwa kurudi nyuma. Wakristo wa Kiprotestanti wa Ujerumani walianza desturi ya namna hii katika karne ya 19, wakihesabu siku zilizobaki kabla ya Krismasi. Hakuna kinachotuzuia kuiazima na kuipa shabaha nyingine. Shabaha ninayoipendekeza ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ambayo saa za Uingereza hurudishwa nyuma. Mpango wa kuzisogeza saa ulipigiwa debe na mjenzi mmoja, William Willett, tangu mwaka 1907. Akafariki mwaka 1915, na mwaka uliofuata Bunge likaupitisha.

Vifaa ni vichache. Tafuteni tawi kavu lililoanguka, mlisimamishe ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na mlishindilie kwa kokoto. Kateni karatasi za rangi ya manjano, nyekundu na kahawia, mkunje vibahasha, mviandike nambari, kisha mvitundike tawini kwa uzi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi Jumapili hiyo ni siku 25 kwa uchache na 31 kwa wingi. Ndani ya kila bahasha weka kikaratasi chenye jambo moja la kufanya, kilichoandikwa kwa Kiswahili, na mtoto ndiye akisome kwa sauti. Mtoto ambaye hukataa somo la lugha hatakataa kusoma akitaka kujua leo kuna nini.

Nini kiandikwe? Siku za kazi, mambo madogo: kupika uji wa pilipili manga, au kuokota majani matano ya rangi tofauti. Mweleze mtoto kwamba manjano ile ilikuwamo ndani ya jani tangu zamani, imefichwa na ukijani, ilhali wekundu hutengenezwa na mti wenyewe wakati huu. Mwishoni mwa juma, safari. Richmond Park, iliyozungushiwa ukuta na Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1637, ina kulungu zaidi ya 600, na mwezi wa Oktoba madume hunguruma na kupigana wakiwania majike. Kaeni umbali wa mita 50 au zaidi.

Mbegu nazo zina somo lake. Konka, mbegu za kahawia zing'aazo ambazo watoto wa Kiingereza huzitunga uzini na kuzigonganisha, zimefanyiwa mashindano ya dunia huko Northamptonshire tangu 1965. Lakini haziliwi, zina sumu. Chestnut inayoliwa huwa ndani ya ganda lenye miiba mingi myembamba, mfano wa kalunguyeye. Ganda la konka lina miiba michache, mifupi na minene. Na katika bustani za kifalme, Richmond ikiwa mojawapo, kuokota chestnut za kula hakuruhusiwi.

Kisha boga. Wenyeji hulichonga uso wa kutisha kwa ajili ya tarehe 31 Oktoba, na nyama yake mara nyingi hutupwa. Kwetu boga ni futari! Nunueni dogo, maana yale makubwa ya kuchonga yamejaa maji, mlipike kwa nazi.

Nasisitiza jambo moja. Kabla ya kuandika, tazama ratiba yako ya zamu. Bahasha iliyoahidi safari isiyofanyika ni mbaya kuliko bahasha tupu, na mtoto haisahau.

Bahasha ya mwisho iachwe bila maandishi. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo, saa nane hugeuka kuwa saa saba tena, na kila nyumba hupata saa moja ya ziada. Watoto ndio waandike itumiwe vipi, ila wachague mapema, kwa sababu jua lililotua jana yake kama saa kumi na mbili kasorobo, siku hiyo litatua saa kumi na moja kasorobo. Mkirudi, yabaneni majani ndani ya kitabu kizito na mvihifadhi vibahasha. Mwakani itabaki kazi ya kuandika vikaratasi tu.