Spana za Kuanzia

Mwalimu wa kikundi na awe karibu na ubao, maana leo tutaandika namba.

Mtu amenunua gari kuukuu kutoka Japani. Kila kitu kidogo kikiharibika, hulipeleka kwa fundi na kulipa. Je, hawezi kufanya kazi ndogo ndogo mwenyewe nyumbani? Aweza sana. Lakini atahitaji vyombo, na vyombo ni fedha.

Dukani utaonyeshwa sanduku linalong'aa, lenye vyombo mia na zaidi kwa bei rahisi. Usifanye haraka. Vingi humo ni vya kujaza sanduku tu, na mara nyingi chuma chake ni laini. Spana ya chuma laini hupanuka mdomo, ikateleza, ikaviringa kona za nati. Kufungua nati iliyoviringika ni kazi ya fundi tena! Afadhali spana nne njema.

Spana zipi? Tazama spana yoyote: karibu na mdomo imechorwa namba. Namba hiyo ni upana wa kichwa cha nati kwa milimita, kutoka ubavu mmoja mpaka ubavu unaouelekea. Magari ya Japani kama Toyota hutumia zaidi 10, 12, 14 na 17. Ya Ulaya mara nyingi hutaka 13 mahali ambapo Mjapani ameweka 12. Basi mwenye Toyota akinunua 13 kwanza, amenunua pambo.

Kwa 10 utafungua nati za betri. Anza na upande wenye alama ya kutoa (−). Ukianza na upande wa kujumlisha (+), na spana ikagusa mwili wa gari, cheche kali zitaruka. Kwa 14, katika Toyota nyingi, utafungua bolti ya kumwagia oili ya injini. Chagua spana yenye mdomo upande mmoja na pete upande wa pili. Pete hushika nati pande zote, nayo ni ya kulegezea; mdomo ni wa kuzungushia upesi. Nati za magurudumu ya Toyota nyingi ni 21. Spana yake hutoka na gari, basi itafute kwanza chini ya zulia la buti.

Ongeza bisibisi mbili, moja bapa na moja ya nyota, na koleo ambayo mafundi huiita plaizi. Tena nunua kipimo cha upepo wa tairi. Watu hukidharau, lakini mimi ningekinunua kabla ya bisibisi. Katika magari mengi, penye mlango wa dereva pamebandikwa karatasi yenye namba za upepo. Isome. Ikiwa imeandikwa 220 kPa, hiyo ni karibu sawa na 32 katika vipimo vya ratili.

Sasa nakuja kwenye chombo kinachoweza kuua mtu, nacho ni jeki. Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia gurudumu tu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki ya oili huweza kushuka. Ya skrubu huanguka gari likisogea. Zinatakiwa stendi mbili za chuma, zilizoandikwa tani zinazoweza kubeba, na ardhi iwe ngumu na sawa. Weka kabari kwenye magurudumu yaliyo chini. Matofali ya saruji hayafai hata kidogo, kwa kuwa hupasuka ghafula bila kulia kwanza.

Na kama fedha ya stendi haijapatikana? Fanya kazi za juu tu, na oili uendelee kumpelekea fundi. Ukiweka shilingi 4,000 kila juma, kwa majuma 10 utakuwa na shilingi 40,000. Nenda nazo dukani ukaulize bei, ukianza na stendi.

Mwalimu, andika ubaoni: 10, 12, 14, 17, 21. Kila mmoja asome kwa sauti, kisha aandike kwa maneno katika daftari lake. Mwenye spana nyumbani ailete juma lijalo, mpime mdomo wake kwa rula, muone kama namba iliyochorwa ni ya kweli.